Biskuti za oti bila mayai wala maziwa: Si dawa, lakini zaweza kukufaa

KATIKA miaka ya karibuni oti imepata sifa kubwa katika mitaa ya Eastlands, jijini Nairobi. Kutoka Buruburu hadi Kayole, mtu akipimwa na kuambiwa ana kisukari, shinikizo la damu au mafuta mengi katika damu, jirani wa kwanza anayesikia habari hiyo atamshauri anunue oti. Wengine hawaipendi kwa uji, kwa kuwa huwa na utelezi, na hivyo wameanza kuioka biskuti nyumbani. Swali ninaloulizwa mara nyingi kliniki ni hili: Je, biskuti za oti zisizotiwa mayai, maziwa wala siagi ni salama kwa mgonjwa, na aweza kula ngapi?

Kabla ya kujibu, yafaa kwanza tuelewane juu ya jina. Watu wengi huita oti shayiri, na hata kamusi kadhaa hufanya hivyo. Shayiri hasa ni ile nafaka ilimwayo Narok na kwingineko kwa ajili ya kutengeneza bia. Oti ni nafaka nyingine, ingawa ni jamaa yake. Hapa Kenya hulimwa katika nyanda za juu zenye baridi, sanasana kwa chakula cha mifugo. Ile tunayokula huuzwa madukani ikiwa imepondwa na kuwa bapa.

Sifa ya oti haikutoka hewani. Ndani yake mna aina ya nyuzinyuzi iitwayo beta-glukani, na hiyo ndiyo inayoleta utelezi ule ambao wengi wanaulalamikia. Mtu anapoila, utelezi huo hunasa sehemu ya nyongo ndani ya utumbo na kutoka nayo katika choo. Ini hulazimika kutengeneza nyongo mpya, na ili kufanya hivyo huchota kolesteroli kutoka katika damu. Matokeo yake ni kwamba ile kolesteroli mbaya, inayoziba mishipa, hupungua. Aidha utelezi huo huchelewesha chakula tumboni, na hivyo sukari huingia katika damu polepole.

Kwa sababu hiyo mwaka wa 1997 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliwaruhusu watengenezaji wa oti kuandika kwenye paketi kwamba chakula hicho chaweza kupunguza hatari ya maradhi ya moyo. Lakini iliweka kipimo: gramu 3 za beta-glukani kila siku, tena katika mlo usio na mafuta mengi mabaya. Watu wengi wamesikia sehemu ya kwanza ya habari hiyo na kuikosa ya pili.

Hebu tupige hesabu. Gramu 100 za oti kavu zina karibu gramu 4 za beta-glukani. Ili upate gramu 3 unahitaji gramu 75 hivi za oti, yaani bakuli kubwa la uji mzito. Katika biskuti nitakazoeleza hapa chini, vikombe viwili vya oti vyenye uzito wa gramu 180 hivi vitatoa biskuti 20. Kila moja basi ina takriban theluthi moja ya gramu. Anayezitaka biskuti hizo ziwe dawa ya kolesteroli atalazimika kula nane kila siku, na nane ni chakula cha kushibisha, si kitafunio. Na hata akizila kila siku, kolesteroli mbaya itapungua kwa kiasi cha asilimia 5 hivi, wakati vidonge vinavyotumika kwa kazi hiyo hupunguza asilimia 30 na zaidi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona madhara yake. Mgonjwa mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka hamsini, mkazi wa mtaa ulio kando ya Barabara ya Jogoo, aliacha vidonge vya shinikizo kwa miezi miwili baada ya kuambiwa kuwa oti husafisha mishipa. Alikuja kliniki akilalamika kuumwa na kichwa na macho kuona ukungu. Shinikizo lake lilikuwa 190 kwa 110. Yeye aliwahi kabla ya kupooza, lakini wapo wasiowahi. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya ana shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata mara moja. Oti haiwezi kufanya kazi ya kidonge.

BILA MNYAMA SI BILA MADHARA

Wako watu wengi Eastlands ambao wana sababu nzuri za kutaka biskuti zisizo na kitu chochote kitokacho kwa mnyama. Baadhi ya Waadventista wa Sabato hawali nyama, na wachache wao huacha hata maziwa na mayai. Kule Eastleigh kuna waumini wa kanisa la Orthodoksi kutoka Ethiopia na Eritrea, ambao siku za Jumatano na Ijumaa, na kwa majuma mengi kabla ya Pasaka, hawagusi nyama, mayai wala maziwa. Kuna watoto ambao wakila yai huvimba midomo na kutoka vipele. Kuna na watu wazima, nao ni wengi kuliko tunavyodhani, ambao maziwa huwajaza gesi na kuwaharisha. Hao wote biskuti za madukani huwatatiza, kwani nyingi zina unga wa maziwa ndani.

Kosa ni kufikiri kwamba ukiondoa mayai na siagi umeshapata chakula cha afya. Sukari haitoki kwa mnyama. Mafuta ya kupikia yaliyogandishwa kiwandani hayatoki kwa mnyama. Mtu aweza kutengeneza biskuti ambayo haina hata tone la maziwa na bado ikawa mbaya kuliko ile ya dukani.

Tazama namna biskuti za oti zinavyopikwa kwa kawaida: vikombe viwili vya oti, vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha sukari na robo kilo ya majarini. Kikombe cha sukari ni gramu 200. Ukipata biskuti kubwa 24, kila moja imebeba gramu 8 za sukari, yaani vijiko viwili vya chai. Ukila tatu pamoja na chai umemeza gramu 25, hata kabla hujahesabu sukari iliyomo kikombeni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anazopata mtu kutokana na chakula, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50 kwa siku, na likasema ingekuwa bora zaidi ishuke hadi gramu 25. Biskuti tatu zimemaliza kiwango hicho.

Wengine hubadilisha sukari nyeupe kwa ile ya kahawia au sukari nguru wakidhani wameepuka hatari. Mwili hauoni tofauti ya maana. Asali nayo ni sukari kwa damu yako, na isitoshe hutoka kwa nyuki, kwa hivyo wanaokula mimea pekee huikataa.

Kuhusu mafuta, soma maandishi yaliyo kwenye paketi au mkebe. Ukiona neno lenye maana kwamba mafuta hayo yamehaidrojinishwa kwa sehemu, yarudishe kwenye rafu. Hayo ndiyo yenye mafuta ya transi, ambayo huongeza kolesteroli mbaya na wakati huo huo kupunguza ile nzuri. Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yote yayaondoe katika chakula. Na anayekwepa maziwa asome majarini yake pia, kwa maana baadhi hutiwa unga au maji ya maziwa.

JINSI YA KUZITENGENEZA

Namna ninayopendekeza haina sukari ya kuongezwa wala mafuta ya kumiminwa. Ndizi mbivu huchukua mahali pa sukari na pa yai, kwa kuwa hutamuisha na kushikanisha. Siagi ya njugu huchukua mahali pa majarini.

Chukua ndizi tatu za wastani zilizoiva sana, zile ambazo maganda yameanza kuwa na madoa meusi. Sokoni Mutindwa au Muthurwa wauzaji huziuza kwa bei nafuu jioni, kwa sababu kesho hazitanunulika. Zimenye na kuziponda kwa uma au mwiko hadi ziwe kama uji. Tia vijiko vinne vya mezani vya siagi ya njugu na uchanganye. Ongeza kijiko kimoja cha chai cha mdalasini, tangawizi kidogo ukipenda, na chumvi ya kushika kwa vidole viwili tu. Kisha mimina vikombe viwili vya oti, ukoroge, na uache mchanganyiko huo utulie kwa dakika kumi na tano. Usiruke hatua hiyo. Oti kavu inahitaji muda wa kunywa maji ya ndizi, na ukiharakisha biskuti zitavunjika mkononi.

Kama unga ni mwepesi mno, ongeza oti kidogo kidogo. Usiongeze maji. Hakuna haja ya hamira wala kitu kingine cha kuumua, kwani biskuti hizi hazipaswi kuvimba. Fanya madonge 20 yenye ukubwa wa limau dogo na uyabonyeze yawe bapa, unene wa kidole kidogo.

Nunua ile oti ya vipande vikubwa inayochukua muda kuiva, na si ile ya kumiminia maji moto na kula papo hapo. Kadiri nafaka inavyosagwa laini ndivyo inavyogeuka sukari upesi tumboni. Oti ikikushinda bei, punguza nusu kikombe na mahali pake utie unga wa wimbi. Wimbi haina beta-glukani ya kutosha, lakini ni nafaka nzima yenye nyuzinyuzi na madini ya kalisi, na ladha yake na ndizi hupatana vizuri. Mimi binafsi naipendelea hivyo. Karoti iliyokwaruzwa pia yafaa. Zabibu kavu ni tamu lakini zihesabu kama sukari. Kiganja kimoja kwa donge lote chatosha.

Mwenye oveni aipashe moto hadi nyuzi 180 na kuoka kwa dakika 15 hadi 18. Lakini nyumba nyingi za Umoja, Dandora na Kayole hazina oveni, na kwa hakika haihitajiki. Tafuta sufuria nzito ya zamani (mpya itaharibika rangi), umwage ndani mchanga safi uliokauka, kina cha vidole viwili. Ifunike na kuiweka juu ya jiko la makaa kwa dakika kumi ili mchanga ushike moto. Panga biskuti katika sahani ya bati iliyopakwa mafuta kidogo, iweke juu ya mchanga, funika kwa kifuniko cha chuma na uweke makaa machache juu ya kifuniko. Punguza moto wa chini. Baada ya dakika 25 zitazame. Kama hukuweka makaa juu, zigeuze na kuziacha dakika kumi zaidi. Zitoe zikiwa na rangi ya kahawia hafifu. Zilizoungua zina uchungu, na tena kemikali zisizotakikana huongezeka katika chakula cha wanga kinapokuwa cheusi. Zinapotoka huwa laini, kisha hukazika zikipoa.

Usiweke sufuria ya mchanga juu ya ule mtungi mdogo wa gesi wenye jiko kichwani. Uzito huifanya iyumbe.

Kuna hatari kubwa zaidi ambayo lazima niitaje. Jiko la makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Katika chumba kimoja kilichofungwa dirisha, hasa mwezi wa Juni na Julai kunapokuwa na baridi, gesi hiyo yaweza kuua familia nzima usingizini. Oka nje, kwenye roshani au mlangoni palipo wazi, na ukimaliza usiliingize jiko ndani ili lipashe nyumba joto. Mtu akiumwa na kichwa, akasikia kichefuchefu na kulegea akiwa karibu na jiko, mtoe nje kwenye hewa mara moja kisha mumpeleke hospitalini, hata kama anasema ameshapata nafuu.

NJUGU ZIKAGULIWE

Njugu ni chakula chema. Zina protini na mafuta yanayofaa moyo. Hata hivyo zikihifadhiwa zikiwa na unyevu huota ukungu utoao sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo ndiyo iliyoua watu 125 mwaka wa 2004 katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, wakati huo ikiwa katika mahindi. Kwa kiasi kidogo cha kila siku haiui mara moja, ila baada ya miaka huweza kuleta saratani ya ini. Kukaanga au kuoka hakuiondoi yote. Kwa hivyo usinunue njugu zilizokunjamana, zenye madoa au ladha ya uchungu, eti kwa kuwa ni rahisi na zitasagwa. Ukinunua siagi iliyokwisha kusagwa, tafuta alama ya ubora ya shirika la viwango nchini na usome kama imetiwa sukari. Iliyo bora ina njugu pekee, labda na chumvi.

Wako watu ambao njugu huwadhuru, tena vibaya, hadi koo kufunga. Usimpe mtoto wa jirani biskuti hizi kabla ya kumuuliza mzazi wake. Vivyo hivyo usiwatume watoto nazo shuleni kugawana. Kwa nyumba yenye mtu wa namna hiyo, tumia mbegu za alizeti zilizokaangwa na kusagwa. Watoto walio chini ya miaka mitano wasipewe njugu nzima kwa hali yoyote, kwani huweza kuwakaba.

NGAPI ZATOSHA?

Kila biskuti niliyoieleza ina nguvu ya kalori 65 hadi 70 na wanga wa gramu 9 hivi. Mgonjwa wa kisukari aelewe kwamba tatu ni karibu sawa na vipande viwili vya mkate. Biskuti hizi hazina sukari ya kuongezwa, lakini ndizi mbivu ina sukari yake na oti yenyewe ni wanga. Mbili zatosha kwa wakati mmoja, na ziwe badala ya mkate au mandazi. Zikiongezwa juu ya hayo, sukari itapanda na wewe utailaumu oti.

Aliye na mashine ya kupimia sukari asinitegemee mimi. Ajipime kabla ya kula, kisha saa mbili baadaye, na aandike. Miili hutofautiana, na daftari lako litakuonyesha zaidi ya kadirio langu.

Wanaotumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari sana wasikilize hapa. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho jembamba na kuchanganyikiwa, sukari imeshuka, na saa hiyo usitafute biskuti ya oti. Nyuzinyuzi na mafuta ya njugu yataichelewesha sukari wakati ambapo dakika chache zina maana. Koroga vijiko vitatu vya sukari ndani ya nusu glasi ya maji, au unywe soda ya kawaida, upime tena baada ya dakika 15, na ukiwa bado chini urudie. Ukiisha kupata nafuu, hapo biskuti mbili ni chakula kizuri cha kukushikilia. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitalini mbio.

Jambo lingine ni chai. Sisi hatujui biskuti bila chai, lakini majani ya chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika nafaka. Kwa mwanamume mzima mwenye afya si neno. Kwa mama mjamzito, au msichana anayepoteza damu nyingi kila mwezi, ni vyema chai ingoje saa moja baada ya kula, na biskuti ziliwe na chungwa au pera, kwa maana vitamini C hufanya kinyume cha chai.

Mwisho ni wale ambao wameacha kabisa vyakula vya wanyama mwaka hadi mwaka. Vitamini B12 haipatikani katika oti, ndizi wala njugu. Akiba iliyo katika ini huweza kudumu miaka kadhaa, kisha hupungua kimya kimya, na mtu huanza kusikia ganzi miguuni, kuchoka na kusahau. Dawa ya kisukari itumiwayo na wengi, metformini, nayo hupunguza vitamini hiyo ikitumiwa kwa muda mrefu. Kwa hiyo mgonjwa anayemeza metformini na tena hali nyama, maziwa wala mayai ana sababu mbili za kupungukiwa, na ganzi yake huenda ikadhaniwa kuwa ni ya kisukari tu. Mwambie daktari wako unachokula na usichokula, uulizie kipimo cha damu, na upewe vidonge au sindano ya B12 ikihitajika.

Kwa vile zina ndizi, biskuti hizi huvunda upesi kuliko za dukani. Zikipoa kabisa zitie katika mkebe wenye kifuniko. Zitakaa siku mbili, au tatu wakati wa baridi, na mwenye friji aweza kuziweka hadi wiki.